Maneno ya Pambizoni

Watu wengi hudhani mjalidi vitabu ni mtu wa kusoma sana. Ni sawa na kudhani kwamba fundi wa kushona suti kila siku yuko arusini. Fundi Kimya alikuwa na miaka thelathini na minane katika kazi hiyo, na ungemuuliza kitabu fulani kilisema nini, angekujibu kwamba kilikuwa na kurasa mia nne na mgongo mbovu. Vingi vilivyopita mikononi mwake vilikuwa madaftari makubwa ya ofisi: majina ya wagonjwa, kumbukumbu za mikutano, waliozaliwa, waliofariki. Yalimfikia yamechoka, kurasa zinaning'inia. Akayashona upya, akayapaka gundi, akayavika jalada, akayarudisha kwa wenyewe. Hakusoma hata mstari. Alisema mambo ya watu ni ya watu.

Jina la Kimya alipewa na wenzake wa karakana, na hawakumwonea. Hakuwa na kigugumizi wala kiburi. Maneno aliyatumia tu kama mtu anayenunua sukari ya kupima, kidogo kidogo. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mtaa mzima uliendelea kumwita Mwalimu hata baada ya kustaafu. Mwalimu alisema kwa niaba ya wote wawili, na maneno yakabaki. Majirani waliokuja kuzungumza na mume walizungumza na mke, wakaondoka wameridhika. Wenye ndimi zao walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, wakawa wanaungoja huo mshindo. Miaka ikapita, nao wakachoka.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokisoma mtu huyu asiyesoma. Kabla hawajaoana, alikwenda mji mwingine kujifunza kazi kwa mjalidi mmoja mzee aliyeitwa Rula, akakaa huko miaka miwili na nusu. Mchumba wake alibaki kwao, na katika muda huo alimwandikia barua thelathini na moja. Kimya naye alijibu kila moja, tusimsingizie. Ila barua zake ungezisoma zote kwa pumzi moja: mimi mzima, natumaini nanyi wazima, kazi inaendelea, wasalimie wote.

Barua za mchumba zilikuwa na hadithi yake. Baba yake alikuwa karani wa stesheni ya reli, mzee wa miwani na penseli sikioni, aliyeamini kwamba binti aliyeposwa anaweza kumwandikia mchumba wake, mradi barua iwe ya kuweza kusomwa mbele ya watu. Akaweka masharti. Karatasi iandikwe upande mmoja tu. Tarehe ikae juu. Upande wa kulia iachwe nafasi tupu ya vidole viwili, kama barua za serikali, na nafasi hiyo Karani aliiita pambizo, kwa heshima, kama unavyomtaja mgeni. Binti akimaliza kuandika, mzee alisoma yote, akanyoosha koma mbili tatu, kisha akamrudishia barua ikiwa wazi na kumwambia, "Haya, peleka posta."

Na posta ndiko barua ilikoandikwa. Pale kaunta palikuwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isiibwe, na kopo la gundi lenye brashi ndani yake. Binti aligeuza karatasi ubavu, akaandika kwenye pambizo la kulia mistari miwili au mitatu ambayo baba hakuiona wala hangeiona, akapuliza wino, akaipaka bahasha gundi, akaitumbukiza. Wino wa posta ulikuwa mzito, wa buluu iliyokolea, na kalamu yenyewe ilikuwa na tabia ya kutema matone.

Kwa hiyo kila barua ilikuwa barua mbili. Katikati ya ukurasa: mvua zimekuja mapema, mitihani inakaribia, shangazi anaumwa miguu. Pambizoni: "Shangazi haumwi chochote, ni uvivu tu." Katikati: baba anakusalimu sana. Pambizoni: "Baba anakusifu mbele yangu na kukusema mbele ya mama." Nyingine ilisema tu, "Nimekuota umevaa kofia. Usivae kofia." Na tangu siku hiyo Kimya hajavaa kofia, na upara wake umeungua jua la miaka yote hiyo bila mtu kujua sababu.

Barua hizo alizitengenezea mkoba wa kitambaa cha majalada, wenye kamba ya kufunga, akahama nazo nyumba nne. Mara mbili tatu kwa mwaka, Mwalimu akiwa hayupo, alizitoa na kuzisoma moja moja. Akifika pambizoni aliinamisha kichwa begani badala ya kugeuza karatasi, ili asiichoshe.

Mwaka huu binti yao, kitinda mimba, ambaye ni muuguzi, alipata kazi nchi ya mbali sana. Siku kumi na mbili kabla ya safari alikaa na wazazi wake mezani, akauliza kama angeweza kupewa zile barua za mama aende nazo.

"Mimi sina la kusema," Mwalimu akajibu. "Barua ni mali ya aliyeandikiwa. Muulize baba yako."

"Au nizipige picha kwa simu, Baba," binti akasema. "Zenyewe zibaki hapa."

Kimya alifikiri mpaka chai ikapoa. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyokuwa amesema wiki nzima. "Simu mnabadilisha kila mwaka. Barua hizi zimekaa. Nitazijalidi ziwe kitabu, uende nazo. Usizipige picha, utazikunjua vibaya."

Binti akamkumbatia. Mwalimu akainua nyusi, akanywa chai yake.

Tuseme ukweli, haikuwa rahisi kwa Kimya. Alikuwa anatoa kitu pekee alichokuwa nacho cha kusoma. Lakini aliona kwamba mtu anayekwenda mbali peke yake anahitaji mwandiko wa mama yake kuliko mzee anayelala ubavuni mwa mwenye mwandiko. Akaamua kwamba, kama zinaondoka, zitaondoka zimevaa vizuri.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya kiwanda cha uchapaji. Kulikuwa na meza iliyofunikwa bati, majiko mawili madogo ya kuyeyushia gundi, mashine ya kubania yenye gurudumu juu, na pembeni kabisa, karibu na dirisha, mashine ya kukatia karatasi, yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima. Kwa wiki nzima, saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokwenda kula, Kimya alibaki na barua. Kila barua aliibandika upande wa kushoto kwenye kipande kidogo cha karatasi ngumu, ili sindano ipite pale na isiguse barua yenyewe. Akazipanga kwa tarehe, akazishona kwa uzi wa kitani, akapaka mgongo gundi. Alichagua kitambaa cha kijani cha jalada ambacho alikuwa amekificha miaka minne akingoja kazi inayostahili.

Alhamisi ikafika zamu ya kukata kingo. Hapa lazima nieleze, maana ndipo palipoharibika. Kitabu kikishashonwa, kurasa zake huwa hazilingani, nyingine zinachungulia nje, nyingine zimejificha ndani. Mjalidi hukiweka chini ya kisu na kukata pande tatu, juu, chini na mbele, mpaka kingo ziwe laini. Mzee Rula, aliyemfundisha, alikuwa na msemo wake: kitabu kisichokatwa kingo ni mtu aliyetoka bafuni akasahau kuvaa. Kwa miaka thelathini na minane Kimya hakupata kutoa kitabu uchi.

Siku hiyo kulikuwa na madaftari matano ya hospitali yanayongoja kukatwa. Akakata la kwanza, la pili, mpaka la tano. La sita likawa barua. Mazoea yana taabu. Mkono ulipanga wenyewe, ukabana wenyewe, ukapima kwa ile karatasi yenye upana mdogo kuliko zote, kama anavyopima mjalidi yeyote, ukavuta mpini. Kisu kikashuka. Kimya alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, akakuta laini kabisa, akafurahi. Naomba usimcheke sana, alifurahi kwa moyo mweupe. Akavika jalada la kijani, akakiweka chini ya mashine ya kubania kikauke mpaka kesho.

Ijumaa asubuhi akakifungua.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri. Mvua, mitihani, shangazi, vyote vilikuwepo. Upande wa kulia, pale yaliposimama maneno ya posta, palikuwa pameisha. Vilibaki vichwa vya herufi tu kwenye ukingo, nukta na ncha, mithili ya watu wanaochungulia nyuma ya ukuta. Akafungua wa pili. Akafungua wa tatu. Alifungua kurasa zote thelathini na moja, ingawa kufikia wa tano alikuwa ameshajua. Barua nne hazikuwa na maneno ya pambizoni, kwa sababu siku hizo Karani alikwenda posta mwenyewe, na moja kati ya hizo nne ndiyo ile ya upana mdogo iliyopimiwa kisu. Ishirini na saba zilikuwa nayo, na zote zilikuwa zimekatwa. Kilichobaki kilikuwa kile hasa ambacho baba mkwe alikipitisha. Mzee wa watu, miaka ishirini kaburini, alikuwa ameshinda.

Kimya aliketi kwenye kigoda. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja na simu mkononi, akimkumbusha kwamba binti aliomba kupiga picha akakatazwa. Ndege ilikuwa ya Jumanne.

Kisha akakumbuka gunia. Mabaki ya karatasi ya karakana huanguka ndani ya gunia chini ya mashine, na kila Alhamisi jioni huja kuchukuliwa na mwanamke mmoja anayeuza vyombo vya udongo na glasi, ambaye huyatumia kufungashia. Watu humwita Mama Vikombe. Gunia la Alhamisi lilikuwa limeshaondoka. Kimya akavua aproni, akatoka bila kuaga, saa nne asubuhi. Wenzake walidhani kafiwa, na mmoja akaanza kuchangisha.

Duka la Mama Vikombe lilikuwa mbele, na nyuma yake stoo ya kufungia. Alimkuta amesimama na utepe wa gundi mkononi, akifunga boksi.

"Karibu, fundi. Leo umepotea njia?"

"Zile karatasi za jana."

"Zimefanyaje?"

"Nazitaka."

"Zote?"

"Zote."

Mama Vikombe akamtazama. "Fundi, mwaka wa sita huu nachukua takataka zako, hujapata kuniambia hata 'chukua'. Leo unazidai?"

"Kuna barua za mke wangu ndani."

"Zimefikaje ndani?"

"Nimezikata."

"Kwa makusudi?"

"Kwa mazoea."

"Makubwa!" Mama Vikombe akaweka boksi chini. "Mwenzio kakaa kakuandikia, wewe ukampitishia kisu. Haya, ingia. Lakini sikiliza. Nusu ya gunia nimeshafungia. Yako maboksi saba pale, kila kikombe kina karatasi ndani na karatasi nje. Kikombe utakachofungua utakifunga tena mwenyewe. Na ukivunja, umenunua."

Kimya akaketi sakafuni, akaanza. Mabaki ya madaftari ya hospitali yalikuwa meupe, na ya barua yalikuwa yamegeuka rangi ya chai, yenye wino mzito wa buluu. Hilo lilimsaidia. Alitoa karatasi ndani ya kikombe, akainyoosha kwenye goti, akaikagua, akaiweka kando au akairudisha. Kikombe baada ya kikombe. Kufikia adhuhuri alikuwa amepata nane. Mama Vikombe, biashara ilipopoa, akaja kuketi karibu, akaanza kukunjua naye, na kwa kuwa yeye si mjalidi, alisoma.

"'Shangazi haumwi chochote, ni uvivu tu.'" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Fundi, huyu mkeo nataka awe rafiki yangu."

Kimya akanyoosha mkono kuipokea, masikio yanawaka moto. Mama Vikombe akasoma ya pili, kimoyomoyo, na hakucheka. Akaikunjua vizuri kwa kiganja, akampa. Kuanzia hapo alizikabidhi bila kuzisoma, na akakataza wauzaji wake wasiingie stoo.

Mpaka duka linafungwa walikuwa wamemaliza maboksi yote na gunia lililobaki. Kikombe kimoja kilivunjika, akakinunua. Zilipatikana ishirini na tatu.

"Asubuhi kabla hujaja niliuza dazeni ya glasi," Mama Vikombe akasema. "Nilizifungia karatasi zilezile."

"Nani kanunua?"

"Mwanamke mwenye mwavuli. Simjui. Pole, fundi. Kweli pole."

Jumamosi Kimya alikwenda karakanani peke yake, akazipanga mezani. Kila kipande alikitafutia ukurasa wake, vichwa vya herufi vikakutana na miguu yake. Alivirudisha kwa gundi hafifu ya wanga na karatasi laini, nyembamba kama ganda la kitunguu, ambayo huwekwa juu ya mpasuko na kuacha maneno yaonekane. Kazi nzuri. Ilikuwa lazima ujue kuna jeraha ndipo ulione.

Akabaki na mapengo manne. Moja lilikuwa la maumivu ya jino. La pili liliuliza saizi ya kiatu chake. La tatu lilimsema vibaya mwalimu mkuu mmoja, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Hayo matatu angeyavumilia. La nne ndilo lililomnyima raha. Lilikuwa la mwaka wa pili, barua ya kumi na tisa, na lilipokosekana hilo aliona kama kitabu chote ni jalada tupu.

Maneno yake aliyajua yote, herufi kwa herufi. Ndipo shetani akamjia na wazo la kifundi. Akatafuta karatasi ya zamani yenye rangi ileile, akachanganya wino, akaketi kuiga mwandiko wa mkewe. Alijaribu mara sita. Maneno yalikuwa yaleyale, mwandiko ulikuwa wa mwizi. Maneno mtu anaweza kuyabeba kichwani hata miaka mia. Lakini pale binti wa miaka ishirini na mbili alipobonyeza kalamu ya posta kwa nguvu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, na pale tone lilipoanguka akalizungushia duara ili lisionekane chozi, hayo hayakaririki. Unayo au huna. Alizichana zote sita.

Mficha uchi hazai. Jumapili asubuhi alimkuta Mwalimu jikoni, sinia la mchele mapajani, anachagua mawe. Akasimama mlangoni.

"Mke wangu, nimefanya kosa."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja. Nimekata."

Akamweleza, na ilibidi aeleze kwa kirefu, jambo ambalo lilimtoa jasho. Mwalimu akaweka sinia chini.

"Ngoja nielewe," akasema. "Miaka thelathini na minane unakata karatasi. Unajua ziliko herufi zangu kuliko ninavyojua mimi. Halafu ukazipitishia kisu kama daftari la hospitali?"

"Ndiyo."

"Hukufungua hata kuangalia?"

"Hapana."

"Baba watoto, wewe!" Alisimama, akazunguka jikoni, akafungua kabati na kulifunga bila kutoa kitu. Alikuwa na hasira ya kweli, na Kimya aliipokea bila kujitetea. "Mimi nikiandika yale niligeuza mgongo posta nzima isinione. Moyo unadunda. Na wewe... Leta hicho kitabu."

Akakileta. Mwalimu akavaa miwani, akafungua ukurasa mmoja mmoja. Alipoona vipande vilivyorudishwa alipitisha kidole juu yake, na hasira ikaanza kushuka yenyewe. Penye kofia alicheka. Penye pengo la kwanza akauliza, "Hapa palikuwa na nini?" Kimya akasema, jino. Penye la pili, kiatu. La tatu, mwalimu mkuu. Akafika barua ya kumi na tisa.

"Na hii?"

Kimya akajikuna upara.

"Nimekuuliza, hapa palikuwa na nini?"

"Ulisema," Kimya akaanza, akiangalia sakafu, "ulisema: 'Ya juu baba ameyasoma. Hili hajalisoma. Barua zako zote ni salamu, na salamu nimezipokea. Siku moja niandikie neno moja tu ambalo hungeweza kumwandikia mtu mwingine. Nitangoja.' Halafu palikuwa na doa la wino. Ulilizungushia duara."

Mwalimu alivua miwani.

"Kumbe uliisoma."

"Niliisoma siku ileile."

"Mimi miaka yote hii nilijua hukuiona. Nilijiambia, mwanamume huyu hageuzi karatasi. Ndivyo nilivyokusamehe, unajua? Nikasema hakuiona, tusimlaumu. Nikaja nikaolewa na wewe hivyohivyo." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kumbe uliiona, ukaijua kwa moyo, ukakaa nayo."

"Niliketi kukujibu. Kila nilichoandika kilikuwa neno la kila mtu. Mpenzi, kipenzi, sijui roho yangu. Wenzangu walikuwa wanayaandika hayohayo kwa wachumba wao. Nikasema nitalipata wiki ijayo. Halafu tukaoana, tukawa nyumba moja. Nikaona aibu kuandikia mtu wa nyumba moja."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, fundi."

"Najua."

"Hapana, hujui. Tumbo lilikuwa langu." Akamsukumia kitabu, kikiwa wazi palepale kwenye pengo. "Mimi yangu siirudii. Aliyeandika yale alikuwa msichana, na alikuwa anangoja. Pengo hilo ni la kwako. Lijaze." Akachukua sinia lake, akarudi kwenye mchele.

Kimya alikata ukanda wa karatasi nyeupe, vidole viwili kwa upana, akakaa nao meza ya sebuleni. Hakutafuta karatasi ya zamani wala kuchanganya wino. Alichukua kalamu ya kawaida ya binti yao, iliyokuwa juu ya fomu za safari. Mchele ukaiva, wakala, sahani zikaoshwa, naye bado amekaa. Binti alipita mara mbili, akaona baba yake ameshika kichwa, akamuuliza mama kama mzee anaumwa.

"Anaandika barua," Mwalimu akasema. "Mwache."

Alasiri Kimya aliubandika ule ukanda mahali pake, upande wa kulia wa barua ya kumi na tisa, akampelekea mkewe kitabu kikiwa wazi, gundi bado mbichi. Mwalimu alikigeuza ubavu, akasoma akiwa amesimama. Mwandiko ulikuwa mkubwa na mzito, umejibana ili utoshe:

"Niliisoma. Neno lako nilikuwa bado sijalipata. Tangu tuoane sijalala kabla yako hata siku moja. Huwa nangoja pumzi yako itulie, ndipo nafumba macho. Hili sijapata kumwandikia mtu, wala hakuna mwingine wa kumwandikia."

Alisoma mara ya pili. Kisha akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akalia, bila kujificha na bila haraka, na Kimya akasimama pale na brashi ya gundi mkononi, asijue aiweke wapi.

"Mwaka ule nilipokohoa mwezi mzima," Mwalimu akasema mwishowe, "ulikuwa hulali?"

"Sikulala."

"Na kazini ukawa unasinzia juu ya vitabu vya watu, nikakugombeza."

"Ulinigombeza sana."

Akacheka huku machozi yanamtoka, akayafuta kwa kiganja. Kutoka chumba cha pili walisikia binti anafungua na kufunga sanduku lake, akijaribu uzito.

"Mwanao atalisoma hili," akasema.

"Najua."

"Utaona haya."

"Naona sasa hivi."

Mwalimu akaurudia tena ule mstari wa mwisho, kichwa kimeinama begani, kisha akamrudishia kitabu kwa mikono miwili.

"Basi gundi ikikauka, mpe aende nacho."